Penye Ng'ombe Hapana Nyama

Mwishoni mwa mwaka 2023, mzee mmoja wa Kajiado alialikwa na bintiye kula chakula cha mchana mjini Kitengela. Binti alikuwa amefuzu chuoni siku chache tu zilizotangulia, na mwaliko ule ulikuwa wa shukrani. Sehemu ya karo ya mwaka wake wa mwisho ilitoka zizini. Mwaka 2022, misimu ya mvua ilipokuwa ikipita mmoja baada ya mwingine bila mvua ya maana, mzee aliuza maksai watatu waliokuwa wamebakia mifupa na ngozi, kila mmoja kwa shilingi 9,000, bei ambayo katika mwaka wa neema ingekuwa ya ndama. Binti aliyajua haya yote. Ndiyo sababu hakumpeleka babake kwenye bucha la kawaida, bali kwenye hoteli ya steki iliyosifiwa na kila aliyetaka kuonekana kwamba amewahi kuingia humo.

Hoteli yenyewe ilipendeza. Ilikuwa na vioo kuanzia sakafuni hadi darini, viti vya ngozi, taa hafifu za rangi ya asali na picha kubwa ya fahali ukutani, fahali wa kigeni mwenye shingo nene ambaye hajawahi kukanyaga nyika ya Kaputiei. Bawabu alimwamkia mzee kwa heshima, kisha akamwomba aache rungu na simi mlangoni. Mzee hakukataa. Mgeni hufuata ada za mwenyeji, hata mwenyeji akiwa amejenga juu ya ardhi iliyokuwa malisho ya huyo mgeni miaka thelathini iliyopita.

Orodha ya vyakula ilikuwa kwa Kiingereza kilichonakshiwa Kifaransa. Steki ya gramu 300 ilikuwa shilingi 2,600. Mchuzi wa pilipili manga ulilipiwa kando, shilingi 350, jambo ambalo liliandikwa kwa herufi ndogo kama za kijikaratasi cha dawa. Mzee alimwuliza mhudumu maswali matatu: nyama ni ya ng'ombe gani, imekatwa sehemu ipi, na amechinjwa lini? Mhudumu, kijana mwenye adabu njema, alijibu, "Mzee, nyama yetu ni ya daraja la kwanza." Hakuwa akidanganya. Hakuwa akijua.

Ilichukua dakika arubaini. Nyama ikaja juu ya kibao kizito, imechorwa mistari myeusi ya wavu wa moto, imepambwa kwa jani moja la kijani. Ndani ilikuwa ya kijivu, kavu, na ilikataa kisu. Binti alikata, akakereza, akakata tena. Mzee alitafuna kwa subira ya mtu aliyezoea mambo magumu, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama angeruhusiwa kwenda kuchukua simi yake kwa bawabu. Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hapa mti ulikuwa chini, nyama juu, na tofauti ilikuwa ndogo.

Hesabu ilikuwa shilingi 6,300: steki mbili, michuzi miwili, chupa mbili za maji. Binti alilipa bila kubabaika. Mzee aliiona ile karatasi, na mtu aliyehesabu mifugo maisha yake yote hahitaji kalamu. Meza moja ilikuwa imekula zaidi ya theluthi mbili za maksai mzima. Mhudumu alipouliza kama wangependa kufungiwa kilichobaki, mzee alijibu, "Funga, kijana. Nyumbani kuna mbwa wenye meno."

Kisa hiki ni cha watu wawili tu, na huenda msomaji akakiona kuwa kijembe dhidi ya mpishi mmoja aliyeamka vibaya. Lakini kinazua swali ambalo wakazi wa Kitengela, Isinya na Kajiado wana haki ya kuliuliza. Inawezekanaje kwamba katika kaunti iliyosifika kwa ng'ombe kuliko kwa kitu kingine chochote, nyama ya bei ya juu kabisa ndiyo huridhisha kwa nadra? Methali husema penye miti hapana wajenzi. Kajiado ina miti mingi sana.

Sehemu ya jibu imo katika nyama yenyewe. Ng'ombe wa nyika hii ni zebu, au zebu aliyechanganywa na Sahiwal, mbegu iliyotoka pande za India na Pakistan na kupendwa mno na wafugaji wa Kimaasai. Ni mnyama anayetembea. Huenda malishoni, huenda majini, hurudi bomani, na akiuzwa huenda mnadani kwa miguu. Misuli yake imefanya kazi, na aghalabu huchinjwa akiwa na umri mkubwa kuliko ng'ombe wa kunenepeshwa wa Marekani. Huu si upungufu. Nyama hii ina ladha ambayo ng'ombe wa kulishwa nafaka hana. Lakini inataka mambo mawili: ama ichomwe polepole juu ya makaa kama wachomaji wafanyavyo, ama ipewe muda ikomae kabla ya kupikwa haraka.

Kukomaa huku ndiko hoteli nyingi hukuruka. Ng'ombe akishachinjwa, misuli hukakamaa kwa saa kadhaa. Ikiachwa katika baridi isiyozidi nyuzi 4 za selsiasi kwa wiki mbili au tatu, vimeng'enya vilivyomo hulegeza nyuzi zake na nyama hulainika yenyewe. Nchini Kenya desturi ni nyingine: mnyama huchinjwa alfajiri, hugongwa muhuri wa mkaguzi, na kufikia saa nne asubuhi ananing'inia buchani. Mnunuzi huisifu nyama kwa kuwa ni ya leo, na kwa nyama choma husifu kwa haki. Hoteli inayonunua nyama hiyo hiyo ya leo, ikaikata vipande vinene na kuirusha juu ya moto mkali kwa dakika chache, inapika ngozi ya kiatu. Kuweka nyama baridini wiki tatu ni gharama, hasa umeme unapokatika na jenereta kulazimika kunguruma. Basi gharama hiyo hukwepwa, ila bei yake hubaki kwenye orodha.

Ni haki kumsikiliza mwenye hoteli pia. Analipa kodi ya nyumba, leseni za kaunti, mishahara na ushuru wa utalii wa asilimia 2. Nyama mbichi buchani haitozwi kodi ya ongezeko la thamani, ilhali sahani ya hoteli hutozwa asilimia 16. Aidha, wapo wateja wasiofuata nyama. Wanafuata viti, baridi ya hewa na picha za kuwatumia jamaa, na hao hutoka wameridhika. Wala mwenye bucha si malaika. Mizani yake imewahi kuegemezwa kidole, na mfupa umewahi kufichwa chini ya mnofu. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo bucha la kando ya barabara ya Namanga humpa mlaji, na ambalo hoteli ya steki humnyang'anya kwa tabasamu: mlaji huiona nyama kabla ya kuilipia. Huuliza mbavu au paja. Husema hii ina mafuta mengi, toa, weka ile. Huitazama ikipimwa, huiona ikienda motoni, na akipenda husimama hapo hapo akizungumza na mchomaji. Hata Carnivore ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1980 na ambayo haijawahi kuwa ya bei rahisi, iliweka shimo lake la makaa penye macho ya wageni na kuzungusha nyama mezani ikiwa imetungwa kwenye panga za Kimaasai. Waliobuni utaratibu huo walielewa kwamba mla nyama wa Kenya huanza kula kwa macho.

Hapa ndipo wapenzi wa Kiswahili wanapopaswa kutega sikio, kwani unyang'anyi huo huanzia kwenye lugha. Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya nyama. Kina sarara, ule mnofu laini wa kando ya uti wa mgongo, ambao ndio hasa steki nzuri hukatwa kwao. Kina kidari, mbavu, paja na mkia. Kina nundu, fahari ya zebu, ambayo ikichomwa vizuri hugombaniwa, na ambayo haikuwamo kabisa katika orodha ile ya Kitengela, kwa sababu fahali aliyechorwa ukutani hana nundu. Kimaasai nacho kina utajiri wake, kwani Mmaasai akichinja, kila sehemu ya mnyama ina mwenyewe kulingana na rika na jinsia, na mtoto hukua akijua kipi ni cha nani. Mzee yule aliketi mbele ya karatasi inayozungumzia kitu anachokijua kuliko wote waliokuwemo mle ndani, akahitaji mkalimani. Ujuzi wake ukageuzwa ujinga kwa kubadilishwa majina tu.

Wengine watasema hili ni suala la wivu wa lugha. La hasha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi mbili. Kifungu cha 46 kinampa mlaji, kama mnunuzi mwingine yeyote, haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, pamoja na habari zinazohitajika ili anufaike nazo kikamilifu. Habari hizo ni zipi kama si jina la mnofu, uzito wake kabla ya moto, siku ulizokaa baridini na mahali mnyama alikotoka? Mistari minne ya Kiswahili chini ya kila chakula ingetosha. Mpishi anayelazimika kuandika "sarara, siku 21" hawezi kuleta paja la jana bila kujua kwamba anasema uongo.

Tena kuna jeraha la zamani linalofanya jambo hili liwe zito kuliko mlo mmoja. Kutoka Kitengela hadi Athi River ni mwendo mfupi, na huko ndiko liliko machinjio ya Tume ya Nyama ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1950. Ilidorora, ikafunga milango mapema miaka ya 1990, ikafufuliwa mwaka 2006, na mwaka 2020 ikawekwa chini ya Wizara ya Ulinzi. Ukame wa mwaka 2009 ulipowabana wafugaji na serikali ikajitolea kununua ng'ombe wao, mifugo ilifurika Athi River kuliko ilivyoweza kuchinjwa, na baadhi ilikufa nje ya lango ikisubiri zamu. Ukame wa baadaye, ule uliokoma mwaka 2023, uliua zaidi ya mifugo milioni 2 katika nchi nzima. Katika misimu yote hiyo, bei ya ng'ombe ilianguka mnadani, lakini hakuna orodha ya hoteli iliyofutwa na kuandikwa upya kwa kuwa nyama imekuwa rahisi. Mfugaji huuza kwa bei ya kifo na hununua kwa bei ya anasa. Baina ya bei hizo mbili pamekaa mabroka, wachukuzi, wenye machinjio na wenye viti vya ngozi, na kila mmoja wao ana hoja yake. Yule aliyemlea mnyama kwa miaka mitano au sita hana mahali pa kutilia hoja yake ila kwenye kutafuna.

Kitengela inakua kwa kasi. Wakazi wa Kaunti ya Kajiado walihesabiwa 687,312 katika sensa ya mwaka 2009, na miaka kumi baadaye wakapita 1,117,000. Wageni hawa wanataka mahali pazuri pa kukaa Jumapili na hakuna ubaya wowote katika hamu hiyo. Hoteli za steki zitaongezeka, na zingine zitakuwa nzuri, maana ujuzi wa kukomaza nyama si uchawi. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na walaji wa Kitengela wamekuwa wepisi mno wa kusifu. Wanatafuna kiatu, wanalipa, wanaaga kwa furaha, kisha wananung'unika garini. Anayerudisha sahani jikoni huonekana mshamba. Binti yule naye hakuirudisha. Alikuwa msomi, alikuwa na risiti mkononi na katiba upande wake, ila aliogopa kwamba babake angeaibika, ilhali babake alinyamaza kwa kuogopa kwamba bintiye angeaibika. Hoteli ilinufaika na upendo wao.

Bawabu alimrudishia mzee rungu na simi, nao wakashika njia ya kurudi Kajiado. Walipofika Isinya mzee alimwomba dereva asimame. Bucha lilikuwa dogo, lina dirisha la wavu na mbavu mbili zikining'inia. Alizitazama zote mbili kwa utulivu, akaonyesha kwa kidole ile ya kushoto, akamwambia muuza nyama apunguze mafuta ya upande wa chini. Nyama ikawekwa kwenye mizani na mshale ukayumbayumba. "Tulia kwanza, mwanangu," mzee alimwambia bintiye aliyekuwa tayari amefungua mkoba, kisha akasubiri mshale usimame.