Afya ya Nusu Mtu

Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi na kuagiza kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya kunyoosha viungo. Sina ugomvi na agizo hilo. Kisukari na shinikizo la damu vinatumaliza, na anayekimbia anafanya jema. Ugomvi wangu ni na tafsiri tuliyoipa sisi wasomi na watendaji, kwamba mtu akishatoka jasho na kupigwa picha, habari ya afya yake imekwisha. Tumeweka utaratibu wa serikali kwa ajili ya nusu ya mtu. Nusu ya pili tumemwachia yeye mwenyewe, mganga na polisi.

Ndiyo, polisi. Nitawafikia.

Nianze na Kaole, maana pwani hii inaumbua dhana iliyozoeleka kwamba sonona na msongo wa mawazo ni maradhi ya watu wa ofisini walionenepa. Mvuvi wa Kaole hahitaji kuhimizwa afanye mazoezi. Anasukuma chombo, anavuta nyavu, anabeba tenga. Mkewe anapalilia, anachanja kuni, anakaanga samaki motoni saa nzima. Kama jasho peke yake lingetosha kuituliza akili, basi ukanda wote kutoka Kaole hadi Mlingotini ungekuwa na utulivu kuliko Oysterbay.

Kinachowanyima watu usingizi huku si uvivu wa mwili. Machi 2013 yalitiwa saini makubaliano na Wachina ya kujenga bandari kubwa ya Bagamoyo, katika eneo la Mbegani, jirani kabisa na Kaole. Oktoba 2015 Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi. Mwaka 2019 Rais Magufuli akayakataa hadharani masharti ya wawekezaji. Baada yake mradi umefufuliwa kwa maneno mara kadhaa. Sasa jiweke katika nafasi ya mkulima wa Pande au Mlingotini aliyeambiwa kwamba siku moja atapisha bandari. Je, apande mnazi, ambao utamchukua miaka kadhaa kabla ya kuangua dafu la kwanza? Aezeke upya nyumba inayovuja, au aiache kwa kuwa huenda itabomolewa? Amwambie kijana wake aoe na kujenga ubavuni, au asubiri? Mtu akiishi hivyo mwaka baada ya mwaka, anachoka kwa namna ambayo hakuna mbio za Jumamosi zinazoiponya. Anayemshauri mkulima huyo apumue kwa kina na kuwaza mema anamtukana kwa upole. Tarehe inayojulikana na fidia inayolipwa kwa wakati ni huduma ya afya ya akili, ingawa haitolewi na Wizara ya Afya.

Hata hivyo sitaki kuitupia serikali kila kitu. Akili nayo ina mazoezi yake ya kila siku: kulala vya kutosha, kukaa na watu, kusema la moyoni kabla halijachacha. Pwani ililijua hilo zamani, ndiyo maana nyumba zake zilijengwa na baraza. Jina lenyewe la Bagamoyo hufasiriwa na wengi kuwa ni kubwaga moyo, ingawa wanabishana kama waliobwaga ni wapagazi waliotua mizigo au mateka waliokata tamaa. (Mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba ubishi huo wenyewe una somo: neno lilelile linabeba faraja na msiba.) Lakini tusilipambe baraza. Mwanamume anayesema hapo kwamba amelemewa ataambiwa ajikaze. Mwanamke kwa kawaida hana nafasi pale. Na siri iliyotolewa asubuhi huwa imefika sokoni kabla ya alasiri.

Zimbabwe walilitatua hili bila makuu. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza Mbare, Harare, na mabibi 14 waliofundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu kupanga hatua za kutatua tatizo lake, wakikaa naye juu ya benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa waliopitia benchi hilo walipungukiwa na dalili za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sisi tunao wahudumu wa afya ngazi ya jamii, tunazo zahanati, na mabibi wenye busara hawajatuishia. Kinachokosekana ni uamuzi. Mpaka uamuzi huo ufanyike, mgonjwa wa Kaole atapelekwa kwa mganga, nasi hatuna haki ya kumcheka, kwa sababu mganga yuko karibu, anasikiliza, na Hospitali ya Mirembe iko Dodoma.

Sasa polisi. Kanuni yetu ya Adhabu, Sura ya 16, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Aliyefikishwa ukingoni na mawazo, akaokolewa na jirani, kisheria ni mtuhumiwa. Familia yake ina kila sababu ya kuficha, kudanganya, au kutompeleka hospitali kabisa. Kosa hili tulilirithi kwa Waingereza, na Waingereza wenyewe walilifuta kwao mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipojitawala. Wao wamelitupa, sisi tumelitunza kama tunu. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha aina hiyo kinapingana na Katiba yao.

Wanasheria wa serikali mnaosoma hapa mnajua njia: Waziri anaweza kupeleka muswada, na akinyamaza, mbunge yeyote anaweza kupeleka muswada binafsi. Ni marekebisho ya sentensi moja. Hayahitaji mfadhili wala semina elekezi, na fulana za kampeni ni za hiari.