Ngoma Ikilia Sana Haikawii Kupasuka

Juma hili nataka tuongee juu ya sabufa za magari na amplifaya zake. Najua baadhi ya wazee watasema, "Hayo ni ya vijana wa mjini, sisi yatuhusu nini?" Ngojeni kidogo. Siku hizi hata vijijini kwetu pikapu hupita usiku zikitikisa madirisha. Kijana akiuza mahindi au kahawa, pengine hununua sabufa kabla ya kununua mabati. Mimi sisemi kwamba muziki ni kitu kibaya. Nasema hivi tu: chombo hiki kikifungwa ovyo chaweza kuteketeza gari zima, na kikirekebishwa ovyo huungua chenyewe, fedha ya mavuno ikapotea bure.

Nayajua haya kwa sababu yalitufika nyumbani. Mpwa wangu huendesha pikapu ya ukoo, hupeleka mazao mnadani, na mara nyingine wagonjwa hospitali. Mwaka mmoja, baada ya kuuza mahindi, alinunua amplifaya iliyokwisha kutumika na sabufa ya inchi 12. Akaifunga mwenyewe alasiri moja. Waya wa umeme aliutoa moja kwa moja kwenye betri, bila fyuzi, akaupitisha katika tundu la bati. Kisha akazungusha kila skrubu ya amplifaya mpaka mwisho, "ili nipate thamani ya fedha yangu," alisema.

Siku ya tatu tukasikia harufu ya kuungua, na sabufa ikanyamaza. Nayo amplifaya aliiacha mahali pake. Juma la pili, njiani mlimani, moshi ukatoka chini ya dashibodi. Ukingo wa bati ulikuwa umeukata mpira wa waya. Walikuwamo watu watano, mmoja wao mama mjamzito. Mpwa wangu alikuwa na spana namba 10 chini ya kiti, akakimbia kulegeza kichwa cha betri. Waya ulikuwa umekwisha kuyeyuka urefu wa mkono. Kama spana isingekuwa karibu, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Baadaye fundi mmoja wa umeme wa magari, mtu mtulivu, alituketisha sote wawili akatufundisha kazi yote tangu mwanzo. Nawapeni kama alivyotupa.

Kwanza, fyuzi. Kabla ya kushika kitu chochote, toa kichwa cha betri cha upande wa hasi. Kisha fyuzi ya waya mkubwa iwekwe karibu na betri, isipite sentimita 45. Wako wanaosema, "Amplifaya ina fyuzi yake tayari." Ni kweli, lakini hiyo hulinda amplifaya tu. Ule waya mrefu utokao mbele mpaka nyuma unabaki bila mlinzi, na betri ya gari yaweza kutoa mamia ya ampia waya unapogusa bodi. Na pale waya unapopita kwenye bati, tia mpira wa kuukinga.

Waya wenyewe uwe wa shaba. Madukani zimejaa waya za alumini zilizopakwa shaba kwa juu. Ukiikwaruza kwa kisu, ndani ni nyeupe. Hizo hupitisha umeme kidogo kuliko shaba ya unene ule ule. Kwa amplifaya ya wati 300, waya wa shaba wa milimita 10 za mraba unatosha.

Pili, ethi. Waya wa hasi wa amplifaya uwe mfupi, nao ufungwe kwa bolti kwenye chuma cha bodi kilichosuguliwa kwa msasa mpaka king'ae. Rangi haipitishi umeme. Ukisikia mlio mwembamba katika spika, unaopanda kila ukikanyaga mafuta, kwanza tazama ethi hiyo. Kisha angalia waya za sauti zitokazo kwenye redio. Zipite upande mmoja wa gari, na waya wa umeme upite upande wa pili.

Tatu, usidanganywe na katoni. Imeandikwa wati 2000 kwa herufi za dhahabu, lakini tazama fyuzi ya amplifaya. Ikiwa ni ya ampia 30, zidisha kwa volti 14 za gari linalounguruma. Utapata wati 420. Hizo ndizo zinazoingia, na zitokazo haziwezi kuzidi ziingiazo. Wati za kweli huandikwa karibu na herufi RMS. Tazama pia omu. Sabufa mbili za omu 4, zikiungwa pamoja chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, huwa omu 2. Kama amplifaya yako imeruhusiwa omu 4 tu, itachemka na kufa.

Sasa, ndugu msomaji, tumefika kwenye kiini cha maneno yangu. Kwenye amplifaya kuna skrubu ndogo palipoandikwa GAIN au LEVEL. Vijana wengi hudhani ni ya kuongeza sauti, ndiyo maana huifungua mpaka mwisho. Sivyo hata kidogo. Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na redio. Redio moja hutoa volti 2 za sauti, nyingine hutoa 4. Skrubu hii huiambia amplifaya itegemee kiasi gani, basi.

Ukiifungua kupita kiasi, amplifaya hudaiwa nguvu isiyo nayo. Fikiri debe lililokwisha kujaa: hata ukiendelea kumimina, halijai zaidi. Mawimbi ya sauti hupanda na kushuka kama vilima. Amplifaya iliyofika mwisho hukata vilele vya vilima hivyo, vikabaki bapa kama meza. Sauti hukwaruza, na jambo baya zaidi ni kwamba mawimbi bapa hubeba joto jingi. Amplifaya ya wati 300 ikisukumwa hivyo yaweza kutoa karibu mara mbili ya wati zake. Joto hilo huingia katika koili ya sabufa, gundi ikalainika, waya ukaungua. Ndiyo ile harufu tuliyoisikia siku ya tatu.

Basi, jinsi ya kurekebisha ni hii. Azima au nunua mita ndogo ya kupimia umeme. Bei yake ni ndogo kuliko bei ya sabufa.

Chukua wati za RMS za amplifaya au za sabufa, zile zilizo ndogo. Zizidishe kwa omu, kisha tafuta kipeuo cha pili, kama watoto wafanyavyo shuleni. Wati 300 mara omu 4 ni 1200. Kipeuo chake cha pili ni 34 na kitu. Basi volti 34 ndizo mpaka wako.

Toa waya za sabufa kwenye amplifaya. Rudisha skrubu ya geini chini kabisa. Palipoandikwa BASS BOOST pawe sifuri, na besi ya redio iwe sifuri vile vile. Kichujio kilichoandikwa LPF kipandishe juu kabisa kwa muda wa kupima tu. Washa injini gari likiwa nje, wala si ndani ya banda, maana moshi wake huua. Piga kwa simu au redio mlio wa kupimia wa hezi 50, ambao mafundi wengi wanao. Pandisha redio mpaka robo tatu: kama mwisho wake ni 40, simama kwenye 30. Mita iwe upande wa volti za AC, ncha zake ziguse mahali pa kufungia waya za sabufa. Sasa zungusha geini polepole kwa bisibisi. Mita ikisoma 34, acha! Weka alama ya rangi hapo, na usiiguse tena.

Zima kila kitu, rudisha waya za sabufa, chanya kwa chanya. Kichujio kiteremshe kwenye hezi 80 hivi, ili sabufa iimbe sauti nene peke yake na kuziachia spika ndogo kazi yake. Kama kuna swichi ya 0 na 180, keti kiti cha mbele, mwenzio aibadilishe, uchague upande ambao besi inasikika imejaa zaidi. Tangu siku hiyo mwisho wako kwenye redio ni 30.

Mambo mawili madogo yamebaki. La kwanza ni betri. Injini ikizimwa, altaneta haiijazi tena. Amplifaya kama hii ikifanya kazi kwa nguvu zote hunywa ampia 25 au zaidi, na betri ya ampia-saa 45 haitafika saa mbili. Usije ukapiga muziki wa arusi usiku kucha, kisha alfajiri mgonjwa akaja na gari lisiwake.

La pili ni masikio. Wataalamu wa afya ya kazi wanasema sauti ya desibeli 85 isizidi saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda hupungua kwa nusu. Kwenye desibeli 100 ni dakika 15 tu. Wazazi, msimketishe mtoto mchanga karibu na sabufa ati amezoea. Sikio likifa halifufuki, wala hakuna fundi wa kulibadilishia koili.

Mpwa wangu alingoja mavuno mengine ndipo akanunua sabufa ya pili. Akaifunga kwa fyuzi, akapima kwa mita, akatia nukta nyekundu ya rangi ya kucha ya dada yake. Miaka imepita, na bado inalia. Mama yake, aliyekuwa mlalamikaji mkuu, juzi alipanda garini akasikiliza kidogo, akasema, "Kumbe wimbo huu una maneno!"

Basi, kijana wako akija na katoni ya wati 2000, usimgombeze kwanza. Mwulize tu: "Fyuzi iko wapi, mwanangu? Na mita unayo?"