Kopo la protini na sahani ya bukari

Unga unaouzwa katika makopo makubwa yenye neno whey, yaani wei, umetokana na maji ya jibini. Maziwa ya ng'ombe yakitiwa kimeng'enya cha kugandisha hugawanyika sehemu mbili: bonge jeupe, ambalo hukandamizwa likawa jibini, na maji ya manjano yaliyofifia yanayochuruzika. Kilo moja ya jibini hula karibu lita 10 za maziwa na kuacha karibu lita 9 za maji hayo. Kwa karne nyingi wafugaji wa Ulaya waliwanywesha nguruwe au waliyamwaga mtoni, ingawa katika mji wa Gais, Uswisi, kuanzia mwaka 1749 wenye fedha walisafiri kwenda kuyanywa kama dawa. Hapa Kongo maji ya aina hiyo hubaki kwenye vilima vya Masisi, kunakotengenezwa jibini linaloliwa Goma na Kinshasa.

Sehemu kubwa ya kimiminika hicho ni maji matupu na sukari ya maziwa, laktosi. Protini haifiki hata gramu moja katika kila gramu 100. Kilichokipa thamani ni vichujio vyembamba mno vilivyoingia viwandani miaka ya 1970, ambavyo huizuia protini na kupitisha maji, sukari na chumvi. Kinachobaki hukaushwa. Unga wa kawaida, unaoitwa konsentrati, mara nyingi huwa na protini asilimia 80. Ule uliochujwa zaidi, isolati, hufika asilimia 90 na kupita, na laktosi yake ni kidogo sana. Kwa mtu anayetaka kupungua, tofauti ya aina hizo mbili ni ndogo kuliko tofauti ya bei zake.

Kijiko cha kupimia kinachokuja ndani ya kopo huchota karibu gramu 30 za unga. Humo mna protini gramu 20 hadi 25 na nguvu ya kilokalori 120 hivi. Hicho ni chakula, na huhesabiwa kama chakula kingine chochote. Kuitwa unga wa kupunguza uzito kunatokana na mambo matatu ya kweli kuhusu protini kwa jumla, iwe ya maziwa, ya samaki au ya maharagwe. Kwanza, protini hushibisha kuliko wanga na mafuta kwa kiasi kile kile cha kalori, hivyo mtu hukawia kuona njaa. Pili, mwili hutumia nguvu nyingi zaidi kuimeng'enya: robo hivi ya kalori za protini huishia kwenye kazi hiyo, wakati wanga hupoteza asilimia 5 hadi 10 na mafuta karibu hayapotezi kitu.

Jambo la tatu ndilo zito. Anayekonda kwa kula kidogo hapotezi mafuta peke yake. Kama robo ya kilo zinazoondoka yaweza kuwa misuli na nyama nyingine za mwili, na misuli ikipungua mtu hubaki mwembamba lakini mnyonge. Protini ya kutosha, pamoja na kazi au mazoezi ya kubeba uzito, hupunguza hasara hiyo. Protini ya wei ina sifa kwa hili kwa sababu humeng'enywa upesi na ina wingi wa leusini, asidi amino inayoamsha ujenzi wa misuli. Kiwango cha chini kinachotajwa kwa mtu mzima ni gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa anayepunguza uzito wataalamu wengi hupendekeza gramu 1.2 hadi 1.6. Mtu wa kilo 80, basi, huhitaji gramu 64 siku za kawaida na kati ya 96 na 128 wakati anapojinyima. Unga una faida pale tu ambapo sahani haifikishi kiasi hicho.

Watengenezaji husema zaidi ya hapo. Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilipitia madai kuhusu protini ya wei, likiwamo la kwamba huleta shibe inayopunguza ulaji na lile la kwamba husaidia kufikia uzito unaofaa. Ilijibu kwamba uhusiano wa sababu na matokeo haukuwa umethibitishwa. Mamlaka hiyo hiyo ilikubali mwaka huo kwamba protini, bila kujali imetoka wapi, husaidia kukuza na kuhifadhi misuli. Majibu hayo mawili yakisomwa pamoja, picha ni wazi: protini ina kazi yake, na wei haina uchawi ambao ndakala, dagaa wakavu wa sokoni, hawana.

Ushahidi wa karibu zaidi uko kwenye vituo vya afya. Watoto wa Kongo wenye utapiamlo mkali hutibiwa kwa pakiti za Plumpy'Nut, uji mzito wa karanga, sukari, mafuta na maziwa ya unga, ambao orodha ya viungo vyake hutaja pia unga wa wei. Pakiti moja ya gramu 92 ina kilokalori 500. Mtoto aliyefika kituoni akiwa mifupa na ngozi huila kwa wiki kadhaa, akaongeza uzito, akapona. Kitu kilichotoka kwenye maji yale yale ya jibini humnenepesha mtoto na kuuzwa kwa mwenye kitambi kama dawa ya kukonda. Unga haujui kama aliyeumeza anataka kuongezeka au kupungua. Kinachoamua ni hesabu ya kalori zote za siku, na katika hesabu hiyo wei ni mstari mmoja tu.

Mistari mingine, kwa mji kama Tenke, yafaa iangaliwe. Tenke ni njia panda ya reli: mstari unaotoka Lubumbashi hugawanyika hapo, mmoja ukielekea Kolwezi, Dilolo na bahari ya Angola, mwingine ukipanda Bukama na Kamina. Ni pia jina la mgodi wa Tenke Fungurume, ulioanza kutoa shaba na kobalti mwaka 2009 na ambao sehemu yake kubwa ilinunuliwa na kampuni ya Kichina CMOC mwaka 2016. Migodi hulisha watu kwa namna yake. Kampuni ya migodi ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliwapa wafanyakazi wake na jamaa zao posho: unga, nyama au samaki, maharagwe, mafuta, chumvi. Posho hiyo ilipimwa kwa ajili ya mtu anayechimba na kusukuma kwa mikono siku nzima, na Gécamines, kampuni iliyoifuata, iliirithi. Kazi nyingi za zamani za nguvu sasa hufanywa na mashine, na aliyekuwa na sururu ana mjukuu anayeendesha lori kubwa akiwa amekaa kitini, au anayeandika karatasi ofisini. Sahani haikupungua kulingana na kazi. Mlima wa bukari (ugali) uliomfaa babu bado huwekwa mbele ya mjukuu, na kuuacha nusu huonekana kama dharau kwa aliyepika.

Gramu 150 za unga wa mahindi, kabla ya kupikwa, hutoa bukari ya mlo mmoja wa mtu mwenye hamu. Zina kilokalori 540 hivi na protini gramu 12. Mahindi yamepungukiwa na lisini, asidi amino ambayo maharagwe yanayo kwa wingi, ndiyo maana mboga haikuwekwa pembeni mwa bukari kwa ajili ya ladha peke yake. Bukari ya muhogo ina nguvu ile ile lakini karibu haina protini. Sombe ni majani mazuri ya muhogo yanayobadilika tabia kadiri mawese yanavyomiminwa: kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ni kilokalori 120, sawa kabisa na kijiko cha unga wa wei. Chupa kubwa ya bia ya Simba au Tembo ni kilokalori 300 hivi. Chupa tatu za Jumamosi jioni zaweza kufuta kazi ya unga wa wiki nzima, na brosheti iliyoletwa pamoja nazo bado haijahesabiwa.

Kwa hiyo anayetaka kupungua Tenke huanza na bukari, mafuta, bia na soda, na swali la protini hufuata. Hapo soko halina aibu. Ndakala waliokauka, wanaovuliwa Ziwa Tanganyika, wana protini karibu gramu 60 katika gramu 100. Gramu 40 zao hutoa kiasi cha kijiko kimoja cha kopo, kwa kalori zisizopishana sana na za unga, na huongeza kalisi kwa sababu huliwa na mifupa yao. Samaki wa kukaushwa kwa moshi kutoka mabwawa ya Upemba, upande wa Bukama, wako kwenye daraja hilo hilo. Viwavi vikavu, vile Wabemba wanavyoviita finkubala, hushindana nao kwa protini ingawa vina mafuta zaidi. Mayai manne yana gramu 24 na kilokalori 290 hivi. Maharagwe yanahitaji kama gramu 110 yakiwa makavu ili kufikia gramu 24, na huja na kilokalori 370, pamoja na nyuzinyuzi ambazo kopo halina hata chembe.

Haki itendeke: kwa kipimo cha protini nyingi ndani ya kalori chache, unga wa wei huyashinda mayai na maharagwe. Ndakala nao hupoteza sifa yao wakizamishwa kwenye mafuta ya moto, na makayabu, samaki waliokaushwa kwa chumvi, yana chumvi isiyomfaa mwenye shinikizo la damu. Kopo lina nafasi kwa mfanyakazi wa zamu ya usiku asiye na jiko, kwa mzee anayepunguza uzito kwa agizo la daktari na hamu ya kula imemwisha, kwa anayenyanyua vyuma na mshahara unamtosha. Huyo atauchanganya na maji. Ukikorogwa ndani ya maziwa yenye mafuta, ukatiwa ndizi, asali na siagi ya karanga kama picha za kwenye simu zinavyoonyesha, glasi moja hupita kilokalori 500 na kuwa Plumpy'Nut ya watu wazima. Tena uchukue mahali pa kitu kingine. Unga unaonywewa baada ya mlo kamili huongeza mlo.

Tumbo nalo lina neno. Watu wazima wengi wa Afrika ya Kati humeng'enya laktosi kwa shida, na konsentrati ya bei nafuu yaweza kuwaletea gesi na kuhara. Baadhi yao huona uzito umeshuka na kumshukuru muuzaji, kumbe ni maji. Hao huchagua isolati au huachana na kopo. Mwenye mzio wa maziwa asiuguse kabisa. Figo nzima hustahimili protini iliyoongezwa, lakini figo iliyoanza kuchoka haistahimili, na kisukari na shinikizo la damu, magonjwa yanayotembea pamoja na kitambi, huzichosha figo kimyakimya. Kipimo cha damu cha kreatinini kabla ya kununua ni busara kwa yeyote mwenye magonjwa hayo. Mtoto mchanga asipewe unga huu badala ya maziwa ya mama au ya watoto. Haukutengenezwa kwa ajili yake.

Halafu kuna suala la kujua kilichomo. Viwanda vingi hupima protini kwa njia ya Mdenmark Johan Kjeldahl ya mwaka 1883, ambayo kwa hakika hupima naitrojeni, kisha hukadiria protini kutokana nayo. Anayetia kitu cha bei ndogo chenye naitrojeni hupandisha namba bila kupandisha chakula. China iliona matokeo mabaya kabisa mwaka 2008, melamini ilipotiwa kwenye maziwa ya watoto: sita walikufa na karibu 300,000 wakaugua. Kwenye unga wa wanamichezo udanganyifu huwa mpole zaidi, kama kuongeza glisini, asidi amino ya bei rahisi. Na uchunguzi uliofanywa Cologne, Ujerumani, kwenye virutubisho 634 kutoka nchi mbalimbali ulikuta homoni zisizoandikwa kwenye 94 kati yake. Kopo lililosafiri kwa lori mpaka Kasumbalesa, likakaa juani, likafunguliwa na unga ukauzwa kwa mifuko midogo isiyo na jina wala tarehe, limeongeza shaka juu ya shaka hizo.

Mjadala huu wote una upande mmoja wa ajabu nchini Kongo. Katika maduka ya dawa watu hununua siproheptadini, dawa ya mzio inayoamsha hamu ya kula, ili wanenepe, kwa kuwa mwili mnene umekuwa ushahidi kwamba mume au mshahara upo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta desturi hiyo imeenea Kinshasa. Wanaomeza vidonge ili wapate makalio na wanaokunywa unga ili wapoteze tumbo huenda ni majirani, na wote wawili wamemwendea muuzaji kabla ya kuiangalia sahani. Wa unga, hata hivyo, ana nafuu: alichonunua ni chakula.

Anayeamua kununua, basi, aangalie nyuma ya kopo, azidishe gramu za protini za kijiko kimoja kwa idadi ya vijiko, kisha agawanye bei kwa jibu hilo. Apate bei ya gramu moja. Afanye hesabu hiyo hiyo kwa kilo ya ndakala sokoni, yenye gramu 600 hivi za protini, ndipo atoe fedha mfukoni.