Askari Lindoni na Haja Asiyoitaja

Askari hufundishwa tangu siku za ukuruta kustahimili njaa, kiu, baridi na usingizi. Kustahimili mkojo hafundishwi na mtu. Hujifunza mwenyewe, pale asimamapo lindo usiku kucha bila wa kumpokea, au aongozapo magari njia panda tangu alfajiri hadi jua la utosi. Askari wa kike ndiye ateswaye zaidi, maana hata kichaka hakimfai. Na kwa kuwa jambo lenyewe ni la aibu kutajwa mbele ya wakubwa, wote hulinyamazia. Sisi twaona wakati umefika wa kulitaja, nasi tutaanzia mbali kidogo, katika maabara ya wataalamu.

Katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani, Profesa Solomon Snyder alitumia miaka mingi kuchunguza jinsi ubongo upelekavyo habari. Ilikwisha julikana kwamba neva huweka akiba ya kemikali katika vifuko vidogo mno, na habari itakapo kwenda vifuko hivyo humwagwa. Lakini mwaka 1988 John Garthwaite na wenzake, huko Uingereza, walionyesha kwamba chembe za ubongo hutoa pia hewa iitwayo nitriki oksaidi. Mwaka 1990 Snyder na mwanafunzi wake David Bredt wakafaulu kukitenga kimeng'enya kiitengenezacho hewa hiyo ubongoni. Tarishi huyu ni wa namna ya peke yake. Hawekwi akiba, hutengenezwa papo hapo ahitajiwapo, hupenya kuta za chembe bila kubisha hodi, na baada ya sekunde chache hayupo.

Ndugu zetu wa vikosi vya uhandisi watapenda kujua kwamba nitrogliserini, ile ile ambayo Alfred Nobel aliitengenezea baruti, ni dawa ya maumivu ya moyo, na kwamba mwaka 1977 Ferid Murad alionyesha kuwa dawa hiyo hutoa hewa hii hii. Yeye, Robert Furchgott na Louis Ignarro walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Sasa turudi kibofuni. Kibofu ni ghala lenye lango. Ubongo ukitoa ruhusa, amri mbili huteremka kwa njia ya uti wa mgongo: ukuta wa ghala ukaze, na lango lilegee. Katika kulilegeza lango, nitriki oksaidi itolewayo na neva ina kazi kubwa. Mwaka 1997 Arthur Burnett na wenzake wa Baltimore, Snyder akiwa miongoni mwao, walieleza habari za panya waliozaliwa bila kile kimeng'enya cha neva. Vibofu vyao vilitanuka na misuli yake ikanenepa, kwa kuwa lango halikulegea ipasavyo, na kibofu kikawa kinasukuma mlango uliofungwa.

Hatusemi kwamba askari aliyebana mkojo lindoni amekuwa kama panya wale. Tusemalo ni kwamba kukojoa si jambo la ukakamavu wala la uzembe. Ni kazi ya neva, misuli na hewa isiyoonekana, na hakuna sajini awezaye kuiamuru. Mtu aweza kuiahirisha kwa muda. Akizoea kuiahirisha, mkojo hulala mno kibofuni na wadudu wa maradhi hupata nafasi ya kuzaana.

Wanajeshi walilijua hili kwa gharama kubwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wa waliojeruhiwa uti wa mgongo hawakuuawa na risasi yenyewe, bali na maradhi ya mkojo na vidonda vya kulalia vilivyofuata. Ni Daktari Ludwig Guttmann, aliyeanzisha wodi ya majeruhi hao huko Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, aliyeshikilia kwamba kibofu kitunzwe kwa bidii ile ile itunzwayo jeraha. Watu waliohesabiwa kuwa maiti wakaishi, na wengine wakashindana katika michezo.

Kwa hiyo twawaomba makamanda wanaopanga zamu waweke mtu wa kupokea lindo kwa dakika chache, na wahakikishe pana choo karibu na kila kizuizi cha barabarani, cha wanawake kikiwa mbali. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kitanda kimoja cha hospitali. Nanyi askari, mkojo ukikataa kutoka, ukiuma, au ukitoka bila ruhusa, msingoje likizo wala msinunue vidonge vya sokoni. Nendeni zahanati ya kambi siku hiyo hiyo. Na daktari naye amsikilize mgonjwa faraghani, si dirishani, mbele ya foleni nzima ya wenzake wanaocheka.