Jasho la Mwashi Lisiishie Ukutani

Fundi cherehani aliyekabidhiwa kitambaa akashona kanzu, anayo haki ya kuizuia kanzu ile mpaka alipwe ujira wake. Hiyo si desturi ya mtaani tu, bali ni haki iliyomo katika Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo misingi yake iliingia katika sheria zetu. Sonara naye anayo haki hiyo hiyo juu ya kidani alichokitengeneza.

Je, mwashi? Akishasimamisha kuta na kupiga lipu, kazi yake imekwisha kushikamana na kiwanja cha mwingine. Hawezi kuukunja ukuta akautia kikapuni. Mwenye nyumba akifunga mlango, fundi hubaki nje na mwiko wake mkononi. Akienda mahakamani, huwa mdai kama wadai wengine, na pengine siku anayoshinda kesi, nyumba imekwisha kuuzwa.

Wako wanaosema kuwa jambo hili ni dogo. Sivyo. Deni la tajiri mmoja humfikia muuza saruji aliyekopesha, mchukuzi wa mchanga, kibarua aliyekoroga zege, na watoto waliongojea chakula. Huo ni unyonyaji, hata kama anayeufanya ni jirani yetu.

Dawa yake inajulikana. Mnamo mwaka 1791 jimbo la Maryland, nchini Marekani, lilitunga sheria ya kuwapa wajenzi wa mji mkuu mpya wa Washington haki juu ya majengo waliyoyajenga, mpaka walipwe. Leo majimbo yote ya nchi hiyo yanayo sheria ya namna hiyo. Katika jimbo la Florida, fundi asiyelipwa husajili dai lake katika muda wa siku 90 tangu siku ya mwisho aliyofanya kazi. Zuio hilo huishi mwaka mmoja, na katika muda huo hana budi kufungua kesi. Akishinda, jengo laweza kuuzwa ili deni lilipwe. Ikiwa nchi ya mabepari imeuona wajibu huo, sisi tuliofanya Mapinduzi mwaka 1964 kwa ajili ya wanyonge tutatoa udhuru gani?

Itasemwa kwamba ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma. Ni kweli, wala hapana anayetaka kuigusa. Chini ya Sheria ya Umilikaji wa Ardhi ya mwaka 1992 mwananchi hupewa haki ya matumizi. Zuio liwekwe juu ya haki hiyo na juu ya jengo, ili visihamishwe kwa mtu mwingine kabla ya deni kulipwa.

Itasemwa pia kwamba mwenye nyumba huenda amekwisha kumlipa mkandarasi, naye mkandarasi akazila fedha. Hapo pia Florida ina funzo. Asiyefunga mkataba na mwenye nyumba moja kwa moja sharti amjulishe kwa maandishi katika siku 45 tangu aanze kazi. Mwenye nyumba akishajua nani yumo kazini, hatoi malipo ya mwisho mpaka aone kila mmoja amepata haki yake. Na fundi mlaghai, anayedai asichokifanyia kazi, naye aadhibiwe.

Kwa hiyo twawaomba wahusika waitunge sheria hiyo kwa lugha nyepesi: mapatano yaandikwe mbele ya sheha, dai lisajiliwe kwa ada ndogo, na mahakama iamue bila ya kukawia. Nanyi mafundi, acheni kuanza kazi kwa maneno matupu. Karatasi moja yenye saini mbili ina nguvu kuliko viapo mia.

Tulifundishwa tangu chuoni kwamba mfanyakazi apewe ujira wake jasho lake lingali bichi. Asiyeyafuata mafunzo hayo kwa hiari, basi na afuate sheria.