Pesa za wazee na daftari la duka

KAULI YA ZUHURA
Na Zuhura Mwakamba

Mwenye duka mmoja kule Kaloleni, Kaunti ya Kilifi, alikuwa na madaftari mawili ya deni. Moja la kila mtu, la pili la wazee wa Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa posho. Hilo la pili, aliniambia, aliliamini kuliko deni la walimu. Nikacheka. Yeye hakucheka. "Mwalimu ana benki, ana sako, ana mashemeji. Mzee akipata pesa zake anaanzia hapa."

Pesa zenyewe ni Sh2,000 kwa mwezi. Tangu 2018 anastahili kila mzee aliyetimiza miaka 70 na asiye na pensheni nyingine. Wapo wanaonung'unika kwamba pesa za bure huleta uvivu. Uvivu wa nani? Mtu wa miaka 78 mwataka arudi juu ya mnazi?

Wengine huogopa bei kupanda. Huko Siaya hilo lilipimwa: shirika moja liligawa takriban dola 1,000 kwa kila kaya maskini, zaidi ya kaya 10,000, na watafiti wakafuata nyuma. Matokeo yaliyochapishwa 2022 yalionyesha bei hazikupanda hata asilimia moja, na waliofaidi ni pamoja na majirani wasiopewa kitu, kwa kuwa pesa ziliishia kwa fundi, kwa kinyozi, sokoni. Zile hazikuwa za serikali, na zilitolewa mara chache tu. Lakini njia ya shilingi kijijini ni ile ile.

Za serikali zina ugonjwa wake: hazina tarehe. Hulimbikizwa miezi, kisha zikaja kwa mkupuo, na watu wakapigiwa hotuba. Mzee anayejua pesa zaingia lini hukopa unga bila kuona haya na kuku wake akabaki bandani. Asiyejua humuuza kuku huyo kwa bei ya kutupa, tena wiki moja kabla hajataga. Zikija Sh8,000 pamoja, zishakuwa za watu: za duka, za karo ya mjukuu, za jirani aliyempeleka hospitali kwa bodaboda.

Kiwango nacho kimekwama zaidi ya miaka 10. Unga wa kilo mbili ulipopita Sh200 mnamo 2022, posho ya mwezi haikutosha pakiti 10. Zanzibar walianza pensheni jamii 2016 kwa Sh20,000 za kwao. Sasa ni 50,000. Nasi tuongeze. Ila nikibanwa nichague, nipeni 2,000 ya tarehe tano kila mwezi, hiyo 3,000 ya siku apendayo mhasibu kaeni nayo.

Nilipopita tena Kaloleni, daftari la pili halikuwepo kaunta. Wazee sasa wanaandikwa pamoja na walimu, na mwisho wao ni nusu kilo ya sukari.