Mtungi wa gesi si hita: Usichome pesa ukitafuta joto la Julai

Kila Julai ikibisha hodi huku kwetu Mlima Kenya, mitungi ya gesi huisha kwa kasi ya ajabu. Ule wa kilo 6 uliokuwa ukimaliza mwezi na siku zake, sasa wiki ya tatu tayari moto unafifia. Mtu anaenda dukani amenuna, anamwambia muuzaji, "Boss, mara hii mlinijazia hewa." Kuna siku analalamika kwa haki. Lakini mara nyingi aliyemaliza gesi yuko ndani ya keja: ni baridi, pamoja na jinsi tunavyopambana nayo.

Msimamo wangu ni huu. Gesi ni ya kupika na kuchemsha maji. Kuiwasha ili chumba kipate joto ni hasara kwa mfuko na hatari kwa maisha, na sisi vijana wa kupanga tunafaa kuachana na mtindo huo. Na wenye ploti nao wabebe mzigo wao, kwa sababu nusu ya baridi hii wameijenga wao.

Kagio iko chini kuliko mji wa Nyeri, kwa hivyo watu wa Nyeri na Nanyuki hutucheka tukianza kulalamika. Kwao usiku wa Julai nyuzijoto 10 ni jambo la kawaida. Lakini hata hapa, ukungu ukishuka kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea na jua likakataa kutoka siku tatu mfululizo, chumba cha mabati kisicho na silingi kinageuka friji. Ndipo utaona mtu amemaliza kupika lakini meko bado inawaka. Mwingine anaweka tofali au chungu juu ya moto, eti kishike joto. Wengine wanakaa tu wakizunguka moto na simu mkononi, saa mbili, saa tatu.

Tufanye hesabu kidogo. Kichomeo cha kawaida cha meko kikifunguliwa hadi mwisho hula takriban gramu 200 za gesi kwa saa. Ukikiacha saa tatu kila jioni, hiyo ni gramu 600. Mtungi wa kilo 6 utadumu jioni kumi, na hujapika hata ugali. Tuseme unajaza kwa shilingi 1,300. Basi kila jioni umechoma shilingi 130 kupasha mabati joto. Maana joto hupanda juu, na pasipo silingi linagusa bati na kwenda zake. Unapasha anga la Kirinyaga joto, wewe mwenyewe bado umejikunyata.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Gesi ikiungua hutoa mvuke wa maji. Gramu 600 za gesi hutoa karibu lita moja ya maji hewani. Maji hayo huenda wapi chumba kikiwa kimefungwa? Yanatua kwenye ukuta baridi, kwenye godoro, kwenye nguo ulizoanika ndani. Ndiyo maana asubuhi dirisha linatoa jasho na kona ya ukuta imeota ukungu mweusi. Umelipa ili chumba kiwe na unyevu, na chumba chenye unyevu ni kibaya zaidi kwa mwenye pumu.

Halafu kuna hatari yenyewe. Msimu wa kipupwe ni msimu wa habari zile zile: familia imelala na jiko la makaa ndani, asubuhi majirani wanavunja mlango. Monoksaidi ya kaboni haina harufu wala rangi. Inaanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi mzito, na mtu anadhani ni uchovu wa siku. Watu wengi wanajua jiko la makaa linaua. Wasichojua ni kwamba gesi nayo hutoa sumu hiyo ikiungua vibaya mahali pasipo hewa ya kutosha. Ukiona moto wa meko umekuwa wa manjano na sufuria zinashika masizi badala ya moto wa samawati, kichomeo hicho kinataka kusafishwa. Na ukianza kuhisi kichwa kizito chumbani, zima moto, fungua mlango, toka nje kila mtu. Usiseme utalala kidogo kwanza.

Najua kuna atakayesema, "Wewe huna mtoto mchanga ndiyo maana unaongea hivyo." Ni kweli kwamba mtoto mchanga, cucu wa miaka 80 na mgonjwa wa kifua wanahitaji joto kuliko kijana wa miaka 24 mwenye hudi mbili. Lakini hao hao ndio wanaodhurika upesi zaidi na hewa mbaya. Kwao kitu cha maana ni nguo za tabaka tabaka, kofia, soksi, blanketi, na mtoto kulazwa kifuani mwa mzazi. Kama kuna pesa ya kupasha chumba, hita ya umeme haitoi moshi.

Kanuni ninayoiamini ni moja: pasha mtu joto, usipashe chumba. Kuchemsha lita mbili za maji hula takriban gramu 30 za gesi, yaani kama shilingi saba kwa bei ile yetu. Yatie kwenye chupa ya mpira ya maji moto, ifunge vizuri, ivishe kitambaa isikuunguze, iweke kitandani dakika chache kabla ya kulala. Shilingi saba dhidi ya 130. Ila tafadhali, si chupa ya soda. Plastiki ile hulegea kwa maji ya moto.

Sasa tuje kwa mlaji mkubwa wa gesi wakati wa baridi, ambaye hata hatumtaji: maji ya kuoga. Lita kumi za kuoga zikitolewa kwenye ubaridi wa Julai hadi zifae mwili hula takriban gramu 45. Mkiwa wawili mnaooga kila siku, kwa mwezi ni karibu kilo 2.7. Hiyo ni karibu nusu ya mtungi. Sisemi usioge! Nasema funika sufuria, na usiyaache maji yakitokota huku unatafuta taulo. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke hula nishati zaidi ya mara sita ya ile iliyoyafikisha kuchemka. Kile kinachotoka juu ya sufuria ni pesa.

Kwa maji hayo linganisha pia na umeme. Vijana wengi wameaminishwa kuwa umeme siku zote ni ghali kuliko gesi, lakini kwa kuchemsha maji si lazima iwe hivyo. Meko hupoteza kama nusu ya joto pembeni mwa sufuria, ilhali birika la umeme linapeleka karibu joto lote kwenye maji. Chukua meseji ya tokeni zako za mwisho, gawanya pesa ulizolipa kwa yuniti ulizopata. Ikitoka chini ya shilingi 30, birika linaweza kukufaa kuliko meko. Koili ya kutumbukiza kwenye ndoo ni hadithi nyingine: usiguse maji ikiwa bado imechomekwa.

Kwenye mapishi, tusisahau tunakoishi. Kadiri unavyopanda mlima ndivyo maji yanavyochemka kwa joto la chini. Mjini Nyeri yanachemka kwa karibu nyuzi 94, si 100. Ndiyo maana githeri ya huko inachukua muda mrefu, na kuongeza moto hakusaidii. Maji yanayochemka hayapati joto zaidi, yanakauka tu. Loweka maharagwe usiku kucha. Githeri ikishachemka, punguza moto. Sufuria ya presha ikipatikana, hata kwa kuchangiana na jirani, inarudisha gharama yake. Na kikapu cha kupikia bila moto, kile ambacho akina mama wa vyama wamekuwa wakikishona miaka mingi, si ushamba: mchele wa pishori ukichemka dakika chache ukaingia humo, unajiivia wenyewe.

Tusijidanganye pia kwamba serikali itatushushia bei. Mwaka 2021 ushuru wa VAT wa asilimia 16 ulirudishwa kwenye gesi, 2022 ukapunguzwa hadi 8, na 2023 ukaondolewa. Hata hivyo, tangazo la EPRA la kila tarehe 14 linahusu petroli, dizeli na mafuta taa. Bei ya gesi haimo. Kila duka lina yake. Kwa hivyo angalau hakikisha umepata ulicholipia. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Ongeza kilo 6, kisha mwombe muuzaji aupime mbele yako. Akikataa, nenda duka jingine.

Na moto ukififia, usiulaze mtungi ubavu, usiupindue, wala usiusogeze karibu na moto eti gesi imeganda. Baridi hupunguza nguvu ya gesi kidogo, lakini baridi ya kwetu haiigandishi. Ukifika hapo, gesi inaisha tu.

Nimewaachia wenye ploti mwisho. Sheria ya "hapa hakuna jiko la makaa" ni nzuri, lakini haitoshi kuibandika ukutani. Chumba cha mabati bila silingi, mlango ulioacha mwanya wa vidole vitatu chini, halafu kodi kila tarehe tano: hapo unamlazimisha mpangaji kuchagua kati ya baridi na sumu. Silingi huwekwa mara moja na kukaa miaka. Wapangaji nao waache kuziba matundu ya hewa kwa magazeti na nailoni. Ziba mwanya wa mlango usiku ikiwa unataka, lakini moto uwe umezimwa, regyuleta imefungwa, na matundu ya juu yako wazi. Gesi inayovuja ni nzito kuliko hewa. Hukaa chini, pale pale godoro lako lilipo.

Kama mko wapangaji kumi kwenye ploti moja, msimfuate landilodi mmoja mmoja. Nendeni pamoja kabla ya Julai ijayo, mkiwa na ombi moja: silingi. Akikubali vyumba viwili tu mwaka huu, anzeni na kile chenye mtoto na kile chenye mzee.